Ghala la Yusufu

Harufu ya hamira ikinipata hata leo, hata ikitoka kwenye mkate wa dukani, mimi hugeuza uso. Miaka ile ya utawala wa kijeshi baba yangu alikuwa na tanuri la mikate chini ya kilima cha Lubaga, Kampala, nasi tulilala chumba cha nyuma yake, kwa hiyo hamira ilikuwa ndani ya mablanketi, ndani ya sare yangu ya shule, mpaka kwenye nywele. Wasichana wenzangu waliniita Mkate. Baba alikuwa Mkenya wa magharibi, Mkristo wa kusoma Biblia huku ameshika kalamu, na kila Jumatatu asubuhi, kabla tanuri halijawashwa, aliwasimamisha wafanyakazi wake wanne akawafundisha biashara na uongozi kutoka humo. Aliyempenda kuliko wote ni Yusufu mwana wa Yakobo, aliyeifanya Misri iweke akiba miaka ya neema ipate kula miaka ya njaa.

Wala hakuishia kuhubiri. Katika kila magunia matano ya unga au sukari alitenga moja, kama Yusufu alivyotenga sehemu ya tano, akaliweka kwenye chumba kidogo kando ya tanuri. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na mwandiko mzuri, basi akanipa kopo la rangi nyeupe niandike mlangoni GHALA LA YUSUFU. Nilijivuna wiki nzima. Wafanyakazi walicheka, hata Baba Zaina, mkandaji wetu wa unga, Mwislamu kutoka mashariki ya Kongo, aliyesikiliza mafundisho ya Jumatatu kwa adabu na kusema kwamba nabii huyo hata wao wanamjua. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Kwetu mtu mwenye mtoto huitwa kwa jina la mtoto, naye alikuwa Baba Zaina tangu nipate akili. Jina lake mwenyewe lilikaa kwenye kipande, kitambulisho chake, alichokiweka mfukoni mwa shati.

Kisha sukari ikatoweka madukani, chumvi na sabuni zikafuata, watu wakapanga foleni bila hata kujua kinachouzwa mbele. Sisi tuliendelea kuoka. Nisimwonee baba: mipango yake ilifanya kazi, na bei hakupandisha. Lakini serikali ilikuwa na neno lake kwa gunia lililowekwa, na neno hilo halikuwa akiba. Lilikuwa magendo, na kwa magendo watu walichukuliwa wasirudi. Rafiki mmoja alimsihi baba ayafute yale maandishi. Baba akamjibu kwamba neno la Mungu halifutwi. Ni rahisi kuwa jasiri askari wakiwa mbali.

Walikuja watatu, saa nne asubuhi, shule zikiwa zimefungwa. Mkubwa wao aliusoma mlango polepole, kidole kikifuata herufi zangu, kisha akausukuma na kuona magunia.

"Nani Yusufu hapa?"

Baba alisimama hatua mbili tu kutoka kwake. Ilikuwa ni kusema tu, "Yusufu huyo ni wa Biblia, na sukari ni yangu." Hakusema.

"Mimi nauliza mara ya mwisho. Yusufu iko wapi?"

Baba Zaina, unga umemjaa mpaka viwikoni, alitazama huku na huku kama mwanafunzi aliyeitwa jina darasani. "Njo miye naitwa Yusufu, afande," alisema, "lakini…"

Hawakumwacha amalize. Walimtoa kipande mfukoni, wakalisoma jina, wakalilinganisha na la mlangoni. Mimi, niliyekuwa kando ya baba, nilifungua mdomo, na baba akanikamata bega akalibana mpaka nikaumia, macho yake yakiwa kwenye sinia za mikate. Baba Zaina alimtazama. Hakuwa na hasira, alikuwa akingoja tajiri wake aseme. Wakampandisha garini pamoja na sukari.

Hakurudi. Mama Zaina alizunguka kila alikoambiwa azunguke, mdogo wake Zaina mgongoni, na wafanyakazi waliobaki hawakumwambia kitu kwa sababu kazi ilikuwa adimu. Baba alimpelekea mikate kila Ijumaa. Jumatatu mafundisho yaliendelea, ila tulihamia kwa Nehemia na ukuta wake. Zile sura ambazo Yusufu anatiwa gerezani kwa kosa lisilo lake baba hakuwahi kutufundisha. Nilizisoma mwenyewe, nikamchukia baba, na mkate wake nikaendelea kuula.

Siku hizi Kampala imejaa semina za namna ile, hotelini, wahubiri wenye suti wakifundisha kupanga biashara kwa maisha ya Yusufu. Katika mojawapo niliombwa niseme machache juu ya marehemu baba, kiongozi Mkristo aliyeiona njaa mapema. Waandaaji walikuwa wamemwalika pia Mama Zaina, ajuza sasa, atoe ushuhuda. Alisema kwamba mpaka leo hajui kwa nini walimchukua mumewe, mtu ambaye hata sukari ya kutia kwenye chai yake hakuwa nayo, na kwamba mtaa mzima ulipomkimbia, ni baba yangu peke yake aliyemkumbuka kwa mikate. Alisema humwombea dua kila Ijumaa. Kisha wakanipa mimi kipaza sauti. Ukumbini hapakuwa na askari hata mmoja. Nikasema baba alikuwa mtu wa mipango, nikaketi, na Mama Zaina akanishika mkono akanishukuru.