Mwisho Ulisikia Nini?

Shida yangu ilianza mwaka wa sabini na nne, nikiwa na miaka tisa, na ilianza kwa mdomo wangu mwenyewe. Naliweka hili mbele ili msomaji asidhani nimekasirika bure. Wiki iliyopita nilikasirika kwa haki.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka. Tulilala juu ya ngozi, tukaamka na harufu ya moshi ndani ya maziwa, kwa maana mama alikifukiza chombo kwa kijinga cha moto kabla ya kukamua ngamia. Nyirinyiri, vipande vya nyama iliyokaushwa, ilikaa ndani ya samli, na ukiiba kipande kimoja vidole vilikusengenya mpaka jioni. Mchezo wetu ulikuwa shax: mistari mchangani, vijiti kumi na viwili vyangu, mavi ya mbuzi kumi na mawili yako. Haukuhitaji chaji. Chuo chetu cha Kurani kilikuwa kivuli na maalim mwenye fimbo iliyofika mstari wa nyuma bila yeye kuinuka. Tuliandika aya kwenye loho ya mbao kwa wino wa masizi, na hukuruhusiwa kuiosha loho mpaka uisome aya yote kwa kichwa. Ukiosha kabla ya kuhifadhi, Mungu akusaidie. Shule ya serikali niliingia mwaka mmoja tu, nikatoka na jina langu na kujumlisha. Vimenitosha.

Habari wakati huo ilitembea kwa miguu, na ilikuwa na adabu yake. Mgeni akifika kambini alipewa maziwa, kisha wazee wakamwambia alete habari. Naye, kama amelelewa, aliuliza kwanza: "Mwisho mlisikia nini?" Wakamjibu, labda, "Tulisikia mpaka pale ngamia mwekundu alipozaa." Basi alianzia hapo. Hakuwarudishia waliyokuwa nayo. Njia ni ndefu, jua ni kali, na mfugaji hana siku ya kupoteza.

Mwaka ule mvua ilitukimbia. Baba alitangulia kutafuta malisho na maji, akakuta kisima tulichokitegemea upande wa mashariki kimebomoka. Nilikuwa naye. Akanituma nirudi mbio kwa babu: ng'ombe wasipelekwe mashariki, wageuzwe magharibi. Nilitembea tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Nilipofika, wanaume walikuwa wanafungasha. Babu akasema, "Haya, awoowe, lete habari." Kwetu babu na mjukuu huitana jina hilo hilo moja. Moyo ukanijaa. Kwa mara ya kwanza naitwa kutoa habari kama mwanamume!

Basi nikaanza mwanzo kabisa. Nikaanza na amani, nikaja kwenye harusi ya ami yangu, ambayo wote walikuwa wameicheza. Nikasimulia ngamia mwekundu na mtoto wake, ambaye alikuwa amesimama pale pale anatutazama. Wanaume wakacheka, wakasema kijana ana maneno, wakanyanyuka mmoja mmoja. Wachungaji wakaondoka na ng'ombe wakati mimi niko kwenye harusi. Nilipofika kwenye kisima kilichobomoka, aliyebaki kunisikiliza ni bibi peke yake, naye alikuwa mzito wa masikio.

Habari ilipomfikia mwishowe, babu alitoka mbio na fimbo kuwafuata, mzee wa watu. Aliwapata siku ya pili, kwenye kisima kikavu. Ng'ombe hawakuwa na nguvu ya kurudi. Alirudi ng'ombe mmoja tu.

Hakunipiga. Angenipiga ningesahau. Alinikalisha akaniambia, "Awoowe, uliza kwanza mwisho walisikia nini. Kisha anzia hapo." Baada ya mwezi nilikuwa Wajir mjini, natembeza maji kwa mkokoteni wa punda wa mtu.

Sasa sikilizeni ya wiki iliyopita.

Nina kisima nilichochimba mwenyewe, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka nyumbani kwangu Garissa. Pampu yake inaendeshwa na jua, lakini inaamriwa na kikompyuta kilichofungiwa ndani ya kisanduku ukutani. Jumatatu kikompyuta kikaanza kuganda. Kinawaka, kinavuta maji kidogo, kinalala. Nikauliza swichi ya mkono iko wapi. Hakuna! Mtu anakuuzia pampu, halafu anampa ufunguo jini aliye ndani ya kisanduku. Na wakati huo binamu zangu walikuwa njiani na ng'ombe wao kuja kunywesha kwangu, siku tatu wako mbali, mahali simu haishiki. Ng'ombe si ngamia. Akifika akakuta hori kavu, hapo ndipo safari yake inapoishia.

Nikampigia kelele binti yangu Hibo. Hibo amesomea kompyuta Nairobi, anafanyia kazi nyumbani kwangu. Tukaenda kisimani, akakichunguza kikompyuta akasema kinaumwa ugonjwa unaojulikana. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani mkubwa anayeamuru sehemu nyingine zote, na mkubwa huyo ameandikwa na watu, mstari baada ya mstari, kitabu kisicho na mwisho. Maandishi hayo ndiyo msimbo wake. Wenye msimbo huko ng'ambo walikwisha kuutibu ugonjwa. Tuyavute maandishi mapya kwa mtandao, yeye aujenge mfumo upya, tukapandikize kisimani.

"Haya vuta," nikasema. Nilidhani ni kama kuvuta ndoo.

Jumanne nzima nilikaa naye sebuleni. Mtandao wetu mnaujua. Punda niliyemwendesha Wajir, aliyekuwa kilema, mtandao huu ungemvulia kofia. Baada ya sala ya adhuhuri akashika kichwa.

"Aabo, neti imekatika tena."

"Ilikuwa imefika wapi?"

"Sitini na mbili kwa mia."

"Basi endelea na sitini na tatu."

"Haiendelei. Inaanza sifuri."

"Sifuri ya nini?"

"Ya mwanzo kabisa, Aabo. Hii ni mara ya tatu."

Wallahi nilisimama. Nikasema hawa watu wa ng'ambo wana akili gani? Mtu ana kiu, wewe unaanza kumsimulia harusi! Nikamweleza habari ya kambini, ile ambayo sijawahi kuwaeleza watoto wangu, na nilipofika kwa ng'ombe nikajifanya nakohoa. Nikamuuliza, "Hakuna hata mmoja wao wa kuuliza mwisho ulisikia nini?"

Hibo akasema polepole, "Wanauliza, Aabo. Ukiwa na msimbo wa zamani, wanakuletea yaliyobadilika tu. Kidogo sana."

"Wa zamani uko wapi?"

"Nilikuwa nao kwa kazi yangu, ukajaza laptopu. Niliufuta mwezi uliopita."

"Umeosha loho kabla ya kuhifadhi!"

"Sote tunafuta, Aabo. Mtu anajua atauvuta tena."

Mnasikia? Atauvuta tena! Hiki ndicho kizazi cha leo. Picha za harusi anafuta, namba ya shangazi anafuta, kwa sababu viko mahali fulani hewani na hewa ni ya bure. Nikamuuliza, huo msimbo wa zamani unafananaje, unakaa ndani ya nini? Akasema fundi aliyefunga pampu lazima alikuwa nao, huenda kwenye flashi, lakini fundi mwenyewe amefunga ofisi na simu haipatikani.

Flashi! Mimi sijui msimbo, lakini kitu nikikabidhiwa sikitupi. Ukutani kwangu kinaning'inia chombo cha maziwa cha marehemu mama, kilichosukwa kwa mizizi, bado kina harufu ya moshi. Humo natia vitu vya maana: hati ya kiwanja, pete, risiti. Na kile kijiti ambacho fundi alinipa miaka minne iliyopita, akasema, "Mzee, weka." Nikaweka.

Hibo alikichomeka. Akatazama, akaweka mkono mdomoni.

"Uko wote, Aabo. Wa zamani, lakini uko wote."

"Basi waambie mwisho ulisikia nini."

Akawaambia. Mtandao ulikatika mara mbili nyingine, lakini vilivyokuwa vinakuja vilikuwa vidogo, vikapita katikati. Kabla ya alasiri vilikuwa vimefika. Jumatano akashinda anaujenga mfumo, Alhamisi asubuhi tukawa kisimani. Alipokifunga kisanduku, pampu ilivuta, ikavuta, sikuiamini mpaka hori la pili lilipojaa. Ng'ombe walifika saa saba mchana, mbavu nje, wakatumbukiza midomo mpaka puani. Nilihesabu kila kichwa kilichoinama. Binamu yangu mmoja akaniuliza mbona nalia kama mwanamke. Nikamwambia ni vumbi, na anyamaze.

Simkejeli binti yangu, amesoma na mikono yake ina baraka. Lakini zamani tulikuwa na kidogo na tulikishika. Leo wana kila kitu, na hawana kitu, mpaka neti irudi. Babu yangu hakuwa na hata penseli, na angemkalisha yule mtandao chini akamfundisha adabu.

Leo nina nyumba mbili Garissa. Nina lori moja, duka la sukari na unga, na kiwanja Wajir pale pale nilipokuwa nafunga punda wa mtu. Nina ngamia hamsini na mmoja. Nina kisima na mahori sita. Nina chombo cha maziwa cha mama, na ndani yake flashi mbili, ya zamani na ya sasa. Ng'ombe sina.