Kamati ya Wenye Macho

Kompyuta yangu ya kwanza ilisema kwa sauti ya mtu mwenye mafua, nami niliipenda. Nilikuwa karani wa chama cha wafugaji mjini Garissa, kipofu tangu utotoni, na kila nilichopiga chapa nilisomewa na kisanduku kilichokaa kando ya kibodi. Katikati ya miaka ya tisini chama kikapewa msaada wa kompyuta mpya, zile za picha na kipanya. Nikaiwasha. Kimya. Programu yangu ya kusoma haikuujua mfumo ule. Mwenyekiti akanipa mwezi mmoja: nipate njia ya kuitumia, au kazi apewe anayeona.

Muuzaji akaja kutoka Nairobi na programu mbili, tuchague moja. Ya kwanza ilisoma skrini kwa sauti. Ya pili ilikuza herufi. Mimi ningemaliza jambo hilo kabla chai haijapoa, lakini kwetu mali ya chama haichaguliwi na mtu mmoja. Wakaitwa wazee saba, mwenyekiti akiwa mmoja wao, wote wenye macho yao, waje kumchagulia kipofu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ila hawa walikuja kwa heshima zote, na birika la chai ya maziwa ya ngamia.

Programu ya kusoma ikaanza kumwaga Kiingereza chake cha haraka. Mzee mmoja akaisalimu. Akangoja, akaisalimu tena.

"Huyu haitikii salamu," akasema. "Mtu gani huyu?"

Mwingine akataka kujua ni wa ukoo gani. Nikasema mimi naielewa vizuri sana, neno kwa neno.

"Wewe ngoja, adeer. Kikao bado." Adeer, yaani ami, ndivyo tunavyoitana kwetu, mkubwa kwa mdogo.

Ikaja ya kukuza. Herufi moja ikajaza skrini nzima, na chumba kikalipuka kwa furaha.

"Wallahi, hii fizuri! Hata mimi bila miwani naona!"

"Lakini mimi sioni," nikasema.

"Bole bole, adeer. Utazoea."

Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Nilifungua kinywa kubisha, nikasikia wameshaanza dua, programu imfae asiyeona wa ofisi hii. Amin, amin, mara wakasimama. Na kwetu, kikao kikishafungwa kwa dua hakifunguliwi. Ukipinga umewatukana wazee wote na waliowazaa. Muuzaji, ambaye tulimwita mtu wa Kenya kana kwamba Garissa ni nchi nyingine, aliniuliza kwa kunong'ona kama ule ulikuwa utani. Nikamwambia hapana, sasa mimi ndiye kipofu mwenye herufi kubwa kuliko wote wilayani.

Zikabaki siku nne mwezi uishe. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta bubu, nikipanga jinsi ya kumwambia mama yangu kwamba sina kazi, mwenyekiti alipoingia peke yake na kufunga mlango. Akaniomba nimwandikie chochote, kwa herufi zile. Nikapapasa kibodi, nikaandika barua fupi. Akaisoma polepole, silabi kwa silabi, kama mtoto wa madrasa. Kisha nikamsikia akivuta kamasi.

"Miaka mitatu natia sahihi barua nisizoziona," akasema. "Nilikuwa nasikiliza kile kisanduku chako, halafu nasaini."

Nikasema, "Wazee waliomba dua programu hii imfae asiyeona wa ofisi hii. Hawakutaja jina, adeer."

Alicheka hadi akakohoa. "Basi ni yangu. Na yako je? Niite kikao?"

"Kwa Mungu, usiite kikao!"

Akaagiza ile ya kusoma siku hiyo hiyo, kwa mkono wake, nami nikalia bila haya. Aliomba kitu kimoja tu, nisiwaambie wale wazee, na sikuwaambia mpaka alipozikwa. Miaka yote iliyobaki tulikuwa wasioona wawili katika ofisi ile, na aliyehurumiwa ni mimi peke yangu.