Kanuni Niliyoifundisha Mimi

Siku yangu ya kwanza kazini, enzi za Mwingereza, Bwana Ushirika alinikabidhi meza, wino na wosia. Yeye ndiye ofisa aliyesimamia vyama vya wakulima, na chetu kilikuwa cha mboga, hapa Lushoto. "Karani Elia," aliniambia, "chama hakiuawi na wezi tu. Undugu nao unaua. Jambo likimhusu mjumbe, aseme wazi, kisha atoke nje, wenzake waamue."

Wosia huo nikaupeleka kwa halmashauri, yaani wajumbe waliochaguliwa na mkutano mkuu kulinda mali ya wanachama. Mwaka mzima nilihubiri. Wazee walinicheka. Mwenyekiti alisema, "Mgosi, kwetu mtu hatolewi nje ili ajadiliwe. Huko ni kumsengenya. Na baridi hii!"

Kisha ikawa wazi nafasi ya katibu, mtendaji mkuu wa chama. Nilijua ni yangu. Wakampa Yonathani wa Bumbuli, kijana aliyekuja juzi, ambaye hata kanuni ile ya kutoka nje alifundishwa na mimi. Nilimwonea wivu, sitaupa jina jingine. Kila watu walipomsifu, chai yangu iligeuka chungu.

Ukafika msimu wa kabichi, tukahitaji lori la kuzishusha stesheni ya Mombo. Baba mkwe wake Yonathani alikuwa na lori, breki zake mbovu, na mteremko ule kila mtu anaujua. Siku ya kikao cha kuchagua lori nikajisemea, leo ataumbuka. Akimkataa mkwewe amemvunjia heshima, akimkubali atatuulia dereva. Nilikaa nikisubiri kwa raha zangu.

Yonathani akasimama. "Mwenyekiti, mwenye lori ni mkwe wangu. Sistahili kuwapo." Akachukua kofia, akatoka. Mvua ilikuwa inanyesha, na ofisi yetu haikuwa na baraza. Tulimwona dirishani amesimama tu, analowa.

Safari hii hakuna aliyecheka. Wazee wakazijadili zile breki bila kumwonea mtu haya, wakachagua lori la mtu mwingine. Mkwe alinuna, akawa hakanyagi tena kwa binti yake. Yonathani hakulalamika hata siku moja. Hilo nalo lilinichoma, maana hata pa kumsema hakuniachia.

Tangu hapo kila aliyehusika alitoka mwenyewe. Watu wakaiita kanuni ya Yonathani. Ya Yonathani! Mimi niliisema mpaka koo likakauka, yeye alitoka mara moja tu.

Nilihamishiwa Soni, kisha Bungu, chini ya maofisa wengine. Kila nilikofika niliikuta kanuni imenitangulia, na jina lake juu. Siku ya kuniaga kwa kustaafu, mwenyekiti mpya alinisifu hivi: "Mzee wetu huyu ndiye aliyekuwa karani siku Yonathani alipotoka nje!" Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Basi vijana mnaoongoza vyama na makampuni, anayehusika atoke, hata kama mvua inanyesha. Ushauri huo ni wangu. Mkitaka kuuita wa Yonathani, ngojeni kwanza nitoke nje.