Nilimzuia Babu Asifike Kwenye Jumba Lake

Kwa nini mzee ang'ang'anie jumba ambalo jina lake halimo kwenye hati hata moja? Siku ile sikuwa na jibu. Badala ya kunyamaza, nilicheka. Nimekosa, ndugu zangu, na kosa langu halina dawa!

Babu yangu aliikimbia Uganda akiwa kijana, akakaa Uingereza kabla ya kufika hapa Stockholm. Alikuwa akituambia kwamba huko mashambani Uingereza kuna jumba la mawe la mabwana wa zamani. "Kiwanja kile ni chetu," alisema. Tulishamzoea.

Halafu ghafla akaanza kuwa na haraka. Usingizi ukampotea. Akamwomba kaka yangu Isa ampeleke. "Twende kabla hawajaanza," alirudia. Hawajaanza nini? Hakusema. Isa akakata tiketi.

Mimi nimesoma chuo kikuu, siamini kitu bila ushahidi. Nimezaliwa hapa, ambapo hata mbwa yumo kwenye rejista. Nikaenda kuchimbua historia ya jumba lile.

Jumapili moja, nyumbani kwa babu Fisksätra, kitongoji cha hapa Stockholm, matoke yakiwa bado mezani, nikawasomea ndugu wote niliyoyapata. Kwanza lilikuwa la watawa. Mfalme akawanyang'anya, akampa rafiki yake, kisha rafiki huyo akakatwa kichwa. Mrithi mmoja akalipoteza kwenye kamari. Akaja mfanyabiashara wa sukari, tajiri kwa jasho la watumwa. Akawazika wanawe wote. Karne baada ya karne, sikuona aliyeondoka pale kwa heri.

"Sasa babu, wewe uko wapi hapo? Kati ya mfalme na mcheza kamari?"

"Lodi wa Fisksätra!" binamu yangu akadakia, kama anamtangaza bwana mkubwa wa Kiingereza. Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika.

"Sluta," Isa akaninong'oneza kwa Kiswidi, acha. Sikuacha!

Babu hakukasirika. Alinitazama tu. "Mjukuu wangu, hao wote walipita tu. Niacheni niende."

"Uende ukafukuzwe na polisi, na uzee huo?"

Baba akakata shauri: hakuna safari. Babu akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Tangu hapo hakuniita mjukuu tena. Alishinda dirishani amevaa koti. Akafa kabla theluji ya mwaka ule haijayeyuka.

Isa haongei nami mpaka leo. Mazishini alihama upande niliosimama.

Jamani! Nyinyi mliosoma kama mimi, hojini kila kitu, lakini mzee akisema "niacheni niende", muulizeni kwanza anakwenda kufanya nini. Mimi nilijua kuuliza jumba ni la nani, basi!

Shangazi aliniambia juzijuzi, miaka imeshapita. Babu alipofika Uingereza, jumba lile lilikuwa limekodishwa kuhifadhi wakimbizi kama yeye, na wapangaji hawaandikwi kwenye historia ya wamiliki. Mtoto wa kwanza wa babu alizaliwa pale, akafia pale, babu akamzika kwa mikono yake nyuma ya zizi la farasi. Kwetu Buganda, ulipozika mtu wako ni pako. Babu alikuwa amesikia kwamba mmiliki mpya wa jumba anajenga hoteli, akataka kuitoa mifupa ya mwanawe mapema. Tulipofuta safari, mashine za kuchimba zilikuwa hazijafika.

Sasa pale ni bwawa la kuogelea.