Pigo la Marejeo

Asubuhi ile nilikuwa nimefungua kompyuta juu ya meza ya mama, nyumbani kwetu kijijini Macalder, nikisafisha picha ya mabaki ya nyota iliyolipuka. Hiyo ndiyo kazi yangu: darubini ya eksirei inaizunguka dunia, nami nachambua inachokiona. Kaka yangu, mchimba dhahabu, alisimama nyuma yangu na chai mkononi. Mwenzake wa shimoni alikuwa mlangoni.

"Nyamera, nani ameunguza chapati?" kaka akauliza akiitazama picha, akiniita dada kwa Kijaluo.

"Ni nyota, ndugu yangu. Ilipasuka kabla babu zetu hawajazaliwa."

"Na bado inawaka?"

Nikamweleza. Nyota ikipasuka, vipande vyake hukimbia nje kwa kasi kali na kugonga gesi iliyotulia pembeni. Kishindo hakiishii hapo. Sehemu yake hugeuka, hurudi ndani, na kuvipiga tena vipande vilevile. Pigo hilo la marejeo ndilo linalovichemsha hadi atomi zinang'olewa elektroni zake, na eksirei tunazozipiga picha hutoka humo. Rangi ya kijani niliyoitia kwenye picha ilionyesha silikoni, ileile iliyomo kwenye mawe meupe wanayoyavunja wakitafuta dhahabu.

Mwenzake alisogea kutazama. "Kwa hiyo inarudi."

"Huko juu," kaka akasema. "Hapa baruti ikilia mara moja, tunaingia."

Ndiyo desturi ya shimo lao. Aliyetega baruti hushuka kwanza, na mawe anayoyafikia kwanza ni yake. Ukingoja moshi utoke, kundi la shimo jirani, lililotenganishwa na lako kwa ukuta mwembamba tu, litakuwa limepenya na kuzoa kila kitu.

Niliwafuata hadi shimoni. Baruti aliyoitega kaka ililia, ardhi ikanipiga kwenye nyayo, shimo likatapika vumbi. Kaka akashika kamba.

"Omera, ndugu yangu, ngoja kidogo," mwenzake akasema.

"Umeogopa nyota ya dada yangu? Enda uchambue mboga na kina mama!"

Watu wakacheka. Kaka akashuka. Mwenzake alikuwa bado anajifunga kamba, kichwa ameinamisha, ukuta ule ulipoachia. Haukulia kama baruti. Ulisaga. Kaka alipiga yowe moja refu, likakatwa na mawe.

Walimfukua kwa karai na kwa kucha. Mwenzake ndiye aliyemfikia kwanza, ngozi ya vidole imechunika yote. Mguu wa kushoto ulining'inia kama gunia la kokoto, na mfupa ulikuwa umetoboa suruali.

Hospitalini Homa Bay, daktari wa mifupa alitundika picha ya eksirei kwenye taa. Kaka hakutaka kumsikiliza. Alinitazama mimi.

"Wewe ndiye unasoma hizi vitu. Mguu utapona?"

Picha ile haikuhitaji kusafishwa. Vipande vilikuwa vimetawanyika kila upande kutoka pale jiwe lilipopiga, vingine vidogo kama punje za mchele. Kwa mazoea nilitafuta kipande cha kuunganisha na kingine. Hakikuwepo.

"Hautabaki," nikasema.

Alifumba macho. Kisha akamgeukia mwenzake, aliyeketi sakafuni na mikono iliyofungwa bendeji.

"Waambie kule shimoni wangoje moshi utoke."

"Watanicheka, omera. Si wewe mwenyewe ulinicheka?"

"Waonyeshe picha."

"Ya nyota?"

"Ya mguu," kaka akasema, na wauguzi wakaanza kusukuma kitanda chake kuelekea chumba cha upasuaji.