Mate Hayachomi: Bonifasia na Vichupa vyake vya Lundo

Jua halijachomoza nyuma ya milima ya Umatengo, na Bonifasia Ndunguru ameshakaa kwenye kigoda uani kwa Mzee Ignatio, kijijini Lundo. Mkononi ana kichupa kitupu.

"Shikamoo, baba. Hujala kitu?"

"Marahaba. Nile nini, na jana ulinikataza?" mzee anajibu, akinyoosha kidole. "Damu chukua. Mate sikupi."

Bonifasia anatabasamu. Amezoea. Anakusanya sampuli za utafiti unaolinganisha mate na damu, ili ijulikane kama mate peke yake yanaweza kuonyesha sukari na hali nyingine za mwili. Kila mtu hutoa vyote viwili. Damu isiyo na mate yake hutupwa.

"Damu watu wanaona ni mambo ya hospitali," anasema Bonifasia. "Mate ni ya mtu mwenyewe. Wanasema adui akiyapata, amekupata wewe."

Mbeba mate naye huogopwa. Kwenye msiba mwezi uliopita, wanawake walikula sinia moja. Bonifasia aliwekewa sahani pembeni.

"Waliniambia, 'Dada, kaa hapa upumzike.' Nikapumzika."

Alizaliwa Mbinga, akashuka hadi Ziwa Nyasa kuolewa na Kilian, mvuvi. Kilian aliogopa sindano. "Wauguzi wakija tu, anakumbuka nyavu," anasema Bonifasia. Sukari ya mumewe ilipimwa kwa mara ya kwanza siku alipofikishwa hospitali hajitambui. Hakurudi. Ni mwaka wa nne sasa.

Mzee Ignatio, aliyekuwa akivua samaki na Kilian, anakitazama kichupa.

"Kilian angetoa?"

"Angetoa, baba. Mate hayachomi."

Mzee anakipokea, anageuka kuelekea ukutani. Anachukua muda mrefu.

"Haya. Ukiyapeleka pabaya, nitakutokea usiku."

"Uje na samaki, basi."

Mzee anacheka, ananyoosha kidole kichomwe.

Mkewe, Mama Lidia, anatoka na ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa hili. "Karibu," anasema, macho yakiwa kwenye boksi la barafu lenye sampuli.

"Nimeshiba, mama," anajibu Bonifasia, ambaye naye hajala tangu jana.

Njiani anaeleza anachosubiri. Majibu ya utafiti yakionyesha kuwa mate yanatosha, anasema, hakuna atakayekimbilia tena ziwani akiona wauguzi.

"Na hili boksi nitalirudisha kwa wenyewe," anasema, akilihamishia bega la pili. "Halafu siku moja mtu aniite, aniletee maji ninawe, tule."