Bosi Ameitikia Amina

Wapendwa, leo bosi kajifunga mwenyewe mezani!

Mapumziko ya mchana, hapa ghalani Buffalo, Marekani. Kwenye televisheni wanabishana juu ya vurugu za vijana wa Kijamaika. Bosi, ambaye hakosi sombe letu la majani ya muhogo, akasema: "Hicho Kijamaika chao ndiyo lugha ya fujo."

Dada Joy, Mjamaika tunayefanya naye kazi, akainama.

Bon, sisi Wakongomani hatuli bila kuomba, na kila mtu huomba kwa lugha ya kwao. Nikamwambia, "Dada, leo zamu yako."

Akaomba kwa Kijamaika. Akawaombea wale vijana. Akamwombea na bosi.

Bosi akaitikia "Amina" kwa sauti kutushinda sote!

Nikamwuliza, "Kumbe lugha ya fujo unaielewa?"

Bosi akamsogezea Dada Joy sahani ya kwanza.

Ninyi mngemnyamazia bosi?